Ngeli za Mgomo: Utangulizi wa Taaluma ya Gari Lisilowaka

Wanasarufi wa Kiswahili wamebishana miaka nenda miaka rudi juu ya idadi ya ngeli za nomino, na mpaka leo mwanafunzi akihama shule anaweza kukuta ngeli mbili zimeongezeka au zimepotea njiani. Muda wote huo, jambo linalomsumbua zaidi mtu anayetakiwa kuwa kazini saa mbili kamili halijapangiwa ngeli hata moja. Nazungumzia gari ambalo betri yake ilikufa, likabustiwa au likanunuliwa betri mpya, na bado halitaki kuwaka. Elimu iliyopo juu ya somo hili ni simulizi, hutolewa kando ya barabara, na huanza na kuishia kwa maneno mawili: "Betri hiyo." Makala hii inajaribu kupita hapo kidogo.

Tuweke mipaka ya somo. Mgomo, kwa maana inayotumika humu, ni hali ambayo mtu mwenye haki zote za kuondoka amegeuza ufunguo au amebonyeza kitufe, na gari likakataa. Gari lililoishiwa mafuta halimo. Hilo halijagoma, linadai. Gari lililoibiwa betri usiku nalo halimo, maana uchunguzi wake unakamilika kwa kufunua boneti, na kinachofuata ni kazi ya polisi.

Dai kuu ni hili: gari likigoma hutoa ushahidi kwa sauti, na ushahidi huo huwa safi katika sekunde chache za mwanzo, kabla watu hawajakusanyika. Baada ya hapo kinachosikika ni watu. Ndiyo maana uainishaji wetu unafuata sikio, haufuati boneti. Hapa Kiswahili kimetupendelea. Lugha inayomtenga aliyeanguka pu na aliyezama chubwi haina haja ya kukopa istilahi ili kueleza stata inayokataa. Tanakali za sauti zinatosha, na ngeli zimepangwa kwa kuzifuata, kutoka kimya hadi kelele.

Ngeli ya kwanza ni JII. Ufunguo unageuzwa na hakuna kinachotokea: taa za dashibodi hazipo, honi haipo, hata taa ya ndani inayowaka mlango ukifunguliwa haipo. Wasiojua huiogopa ngeli hii kuliko zote, kumbe ndiyo yenye huruma, kwa sababu washukiwa wake wakuu ni wawili. Ama betri imeisha kabisa, ama umeme upo lakini haufiki. Ikiwa betri ni mpya au imetoka kuchajiwa, anza na mshukiwa wa pili: shika kibano kilichovalishwa kwenye kichwa cha betri, ukizungushe kwa mkono. Kikizunguka, kesi imekwisha.

Hapa inafaa tukae kidogo. Betri nyingi za magari madogo ya Kijapani zina vichwa vyembamba, na nyingine za ukubwa uleule zinauzwa zikiwa na vichwa vinene. Mtu akinunua yenye vichwa vyembamba kwa gari lenye vibano vipana, fundi hamrudishi dukani. Anatazama chini, anaokota msumari, au anakata kipande cha kopo la soda, anakisokomeza kati ya kichwa na kibano, anagonga kwa spana na kusema, "Tayari, bosi." Na kweli tayari: gari linawaka, fedha inalipwa. Uhai wa kipande hicho unategemea tuta la kwanza. Stata inataka kibano kiukumbatie mzunguko wote wa kichwa. Msumari unagusa mistari miwili tu, unapata moto, unalegea, na keshokutwa mwenye gari anatangaza mtaa mzima kwamba kauziwa betri feki. Vipo vikombe vidogo vya kuvalisha kichwa chembamba ili kinenepe. Vinauzwa dukani, wala si ghali, lakini haviokotwi chini.

Kwenye ngeli hiyohiyo umo ule unga mweupe wenye ukijani unaoota juu ya vichwa vya betri. Ni zao la mvuke wa asidi unaotoroka na kula chuma. Maji ya moto huumaliza, na ukitia magadi kidogo asidi hufa huku ikitoa povu, jambo linalowafurahisha watoto. Yapo madhehebu yanayomwagia soda ya kola. Hayakosei sana, ila huacha sukari, na sukari huleta sisimizi, na mtafiti makini hataki kuongeza idadi ya viumbe vinavyochunguza injini yake.

JII ina kijingeli chake, nacho ndicho kinachoitia betri hatiani bila kosa. Nakiita JII YENYE TAA. Dashibodi inawaka vizuri, redio inaimba, honi inalia mpaka majirani wanachungulia, lakini ukienda kwenye kuwasha, kimya. Hapa betri iachwe ipumzike. Tazama kwanza mkono wa gia. Gari la otomatiki huruhusu stata ifanye kazi gia ikiwa P au N tu, na swichi inayolitaarifu gari kuwa gia ipo P huchakaa. Kanyaga breki, sukuma mkono mpaka N, jaribu tena. Inashangaza ni magari mangapi yamefungwa kamba na kuvutwa mpaka gereji wakati dawa yake ilikuwa sentimita kumi kutoka mkononi mwa dereva. Gari la kitufe nalo lina tabia zake: halisikilizi mpaka breki ikanyagwe, na kibetri cha ndani ya ufunguo kikiisha, gari halimjui mwenyewe. Katika magari mengi ya namna hiyo, kuugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe huku umekanyaga breki kunarudisha ujamaa. Na kama kwenye dashibodi kuna kijitaa chenye picha ya ufunguo au kufuli kinachopepesa bila kukoma, kinga ya wizi inakushuku wewe. Hasa ukiwa umetoka kung'oa betri, jaribu kufunga na kufungua milango kwa rimoti kabla hujaita mtu.

Ngeli ya pili ni TITITITI. Hii ndiyo yenye wafuasi wengi. Ufunguo unageuzwa na chini ya boneti kinasikika kitu kikigonga haraka haraka, huku taa za dashibodi zikififia na kurudi. Kinachogonga ni swichi kubwa ya sumaku iliyo juu ya stata. Inavutwa, inafungulia umeme stata, stata inadai sehemu yake, umeme unaporomoka, sumaku inalegea, umeme unapanda tena, sumaku inavuta tena. Mchezo huo unarudiwa mara nyingi kwa sekunde moja, na hakuna upande unaokubali kushindwa.

Palepale ndipo linapozaliwa kosa maarufu kuliko yote katika taaluma hii, ambalo tutaliita Hoja ya Taa. Hutolewa hivi: "Betri haiwezi kuwa imekufa, mbona taa zinawaka?" Anayeitoa huwa na uhakika, na mara nyingi huinua kidole. Jibu linahitaji hesabu kidogo. Betri ya gari ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, na jumla yake ikiwa imejaa ni kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, hata kama namba yenyewe inaonekana ya heshima. Taa ya ndani ya gari inakula chini ya ampia moja. Stata ya gari dogo la petroli inataka ampia 100 na zaidi, tena kwa mkupuo. Betri iliyoisha huweza kuilisha taa usiku kucha na isiweze kuizungusha stata nusu duara. Ina volti bila nguvu, kama mtu aliyepewa cheo bila mshahara.

Kwa watakaoendelea na Hoja ya Taa hata baada ya hapo, lipo jaribio moja ninalolipendekeza kuliko vifaa vyote. Washa taa kubwa za mbele, elekeza gari ukutani au mwombe mtu asimame mbele, kisha jaribu kuwasha. Taa zikizimika au zikififia sana, tatizo liko kwenye betri au vibano vyake. Zikibaki vilevile kana kwamba hakuna kilichoombwa, umeme upo lakini hauchukuliwi, na uchunguzi uhamie kwenye stata na njia inayoilisha. Jaribio hili halina gharama. Labda ndiyo sababu haliheshimiwi.

Mwenye mita asome pia betri iliyolala usiku baada ya kuchajiwa. Ikirudi kwenye kama 10.5 kila inapotolewa kwenye chaja, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hakuna busti duniani itakayokifufua. Mafundi chaji wanaijua namba hiyo vizuri. Baadhi yao huendelea kuichaji kwa malipo ya kila siku, kwa sababu za kibinadamu.

Ngeli ya tatu ni TA, mara moja, halafu basi. Taa hazififii. Sumaku imevuta kama ilivyoamriwa, lakini vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani yake vimelika, au kaboni za stata zimeisha au zimekwama. Tiba ya kienyeji ni kugonga. Mmoja anaingia chini au anapenyeza mkono upande wa injini na spana, anaigonga stata, mwingine anageuza ufunguo, na gari linawaka kwa shangwe. Nasikitika kukiri kwamba tiba hii inafanya kazi, na sababu yake ni ya kisayansi kabisa: mtikisiko hukwamua kaboni au hupatia shaba sehemu ambayo bado haijalika. Ubaya wake ni kwamba inamgeuza mgonjwa kuwa muumini. Nimewaona madereva wenye nyundo maalumu chini ya kiti, wakijua sehemu hasa ya kugonga, miezi na miezi, wakati stata za gari nyingi za Toyota hufunguliwa na kubadilishwa vile vipande vya shaba peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya stata nzima. Ukienda dukani, Gerezani au Kirinyaga Road, ulizia vipande kwanza. Muuzaji atakuonyesha stata nzima iliyotumika kutoka Japani. Ulizia tena.

Ngeli ya nne, NYEEE… NYEE… NYE, ni sauti ya injini inayozungushwa kwa unyonge. Betri imechoka, au waya mnene unaoshuka kutoka upande hasi mpaka kwenye bodi na injini umeoza, jambo linalosahaulika kwa sababu waya huo hauonekani vizuri na hauna rangi nyekundu. Hapa hali ya hewa inaingia kwenye nadharia. Mwenyeji wa Dar es Salaam akipeleka gari Njombe mwezi Juni huamka asubuhi akalikuta linanyenyekea, akailaani baridi. Ukweli ni kwamba joto ndilo lililoiua ile betri, huko huko Dar, kwa kukausha maji yake na kuharakisha kuoza kwa sahani za risasi mwaka mzima. Baridi ya Njombe, inayofanya oili iwe nzito na kemia ya betri iwe polepole, imesoma tu tangazo la msiba. Betri yenye vizibo ikipunguka maji iongezwe maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya dukani. Maji ya bomba yana chumvi zake, ya kisima zaidi, na asidi mpya haiongezwi kabisa kwa sababu asidi haikukauka. Kilichokauka ni maji.

Ngeli ya tano itapitwa haraka: KWI-KWI-KWI-KWI. Injini inazungushwa kwa nguvu zote na haishiki. Betri na stata zimefutiwa mashtaka. Sikiliza kama pampu ya mafuta inanguruma kidogo nyuma ufunguo unapofunguliwa, angalia fyuzi, na kama umejaribu mpaka unasikia harufu ya petroli, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho wakati wa kuwasha, maana magari mengi yenye kompyuta huchukulia hilo kuwa ombi la kukata mafuta ili plagi zikauke. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo. Stata nayo huungua.

Ngeli ya sita ndiyo mtoto halali wa betri iliyokufa, na ndiyo inayowachanganya hata mafundi: VUUM… PFI. Betri mpya imefungwa, gari linawaka mara moja, linanguruma, kisha linashuka, linatetemeka, linazimika. Kila likiwashwa, vilevile. Kilichotokea ni kwamba kompyuta ya injini ilikuwa imejifunza, kwa miezi au miaka, ifungue kiasi gani mlango wa hewa ili injini isizimike mguu ukiwa nje ya pedali. Mlango ulipokuwa unachafuka kwa masizi, kompyuta ilikuwa inaufungua zaidi kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Betri ilipotoka, kumbukumbu hiyo ikafutika, na sasa kompyuta inaufungua mlango mchafu kwa kipimo cha mlango safi. Hewa haitoshi. Dawa ni kuusafisha mlango huo, kisha kuiacha injini iungurume ikiwa imetulia, viyoyozi na taa vikiwa vimezimwa, mpaka kompyuta ijifunze upya. Aina nyingine, Nissan hasa, zina utaratibu wake wa kufundishwa. Gari halihitaji plagi mpya, halihitaji pampu, na betri mpya haina kosa lolote. Lakini mteja ameona kwa macho yake kwamba gari lilianza kuzimika baada ya fundi kuweka betri, na katika mahakama ya barabarani huo ni ushahidi tosha wa kumfunga fundi.

Tumefikia hadhira, yaani ngeli ya A-WA. Hakuna gari linalogoma peke yake. Wa kwanza kufika kimawazo, kabla ya kufika kimwili, ni Msema Betri, anayetoa uamuzi akiwa bado upande wa pili wa barabara. Akipatia, ni kwa wingi wa kesi za namna hiyo; akikosea, huwa ameshapanda daladala. Wa pili ni Mwenye Namba ya Fundi, ambaye fundi wake yuko mbali kila mara na anakuja "sasa hivi". Wa tatu ni Mzee wa Hendeli, ambaye anakumbuka malori ya Bedford na Land Rover za zamani zilizowashwa kwa chuma cha kuzungusha kwa mbele, na anaona matatizo yote haya ni malipo ya uvivu. Ana hoja ya kihistoria. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, lakini haikupewa kazi ya kuamsha injini ya gari la kuuzwa mpaka stata ya umeme ya Mmarekani Charles Kettering ilipofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kabla ya hapo mtu alizungusha chuma, na injini ikirudi nyuma ghafla ilimvunja mkono. Mzee wa Hendeli huruka sehemu ya mkono.

Wa nne, na mwenye nguvu kuliko wote, ni Msukumaji. Yeye haulizi. Akiona watu watatu nyuma ya gari, anakuwa wa nne. Ni elimu yenye heshima, kwa gari la gia za mkono: ufunguo uko wazi, klachi imekanyagwa, gia ya pili, likishika mwendo klachi inaachiwa, na injini inazungushwa na matairi badala ya stata. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya magari yanayoingia kutoka Japani ni otomatiki, na gia ya otomatiki inashikana kwa presha ya oili inayosukumwa na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Injini haizunguki, presha haipo, matairi na injini havijuani. Unaweza kusukuma Toyota IST kutoka Ubungo mpaka Kibaha na ikafika haijawaka.

Kuhusu mpangilio wa mazungumzo katika hadhira, mfano wa Sinza unatosha. Dereva alikuwa mama wa makamo, kwenye kiti cha kushoto amekaa mpwa wake aliyevaa sare ya shule. Wanaume watano walikuwa wamezunguka. "Kijana," mmoja akamwinamia yule mwanafunzi dirishani, "mwambie mama atie N."

"Nimeshatia N," akasema mama.

"Kijana, mwulize mama kama lina mafuta."

"Baba," akajibu mama, "hilo ni tititi. Nani kati yenu ana nyaya?"

Nyaya, basi. Nyaya za kubusti zinazouzwa kwenye foleni mara nyingi ni plastiki nene iliyobeba waya mwembamba. Ukizigusa baada ya jaribio la kwanza zimechemka, ishara kwamba nguvu iliyotakiwa na stata imeishia kuzipasha joto. Utaratibu unajulikana lakini huharakishwa. Nyekundu ianze kwenye chanya ya betri iliyokufa, iende chanya ya betri nzima. Nyeusi ianze hasi ya betri nzima, na mwisho wake uende kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Sababu ya umbali huo ni kwamba betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na mguso wa mwisho ndio wenye cheche. Gari linalosaidia liachwe linaunguruma dakika tano hivi kabla hujajaribu, maana ukimpa mgonjwa muda wa kunywa kidogo, hata nyaya mbovu husaidia. Ukizigeuza nyekundu na nyeusi, bora iungue fyuzi kubwa kuliko diodi za altaneta, lakini huchaguliwi.

Na gari likishawaka, hufika saa ya Jaribio la Kung'oa. Fundi anafungua kibano cha betri injini ikiwa inaunguruma, ili aone kama itazimika. Isipozimika, altaneta ni nzima. Kwenye lori la zamani lisilo na kompyuta hata moja, wengi walipona. Kwenye gari la leo, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme. Ikiondolewa ghafla, volti huruka juu na kwenda kuitafuta kompyuta. Mita ya bei ndogo inajibu swali lilelile bila kumwaga damu: injini ikiwaka, vichwa vya betri visome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikisoma 12.3 na inaendelea kushuka, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea, na betri mpya uliyonunua itakufa kesho kwa ugonjwa wa ile ya jana. Na hata altaneta nzima haijazi betri kwenye foleni ya Mwenge huku kiyoyozi kinavuma. Busti ya asubuhi ikifuatiwa na mwendo wa robo saa ni ahadi ya busti ya jioni.

Linabaki swali ambalo hadhira huwa imetawanyika kabla halijaulizwa: nini kiliiua? Taa kubwa zilizosahauliwa hujieleza kirahisi; zinakula kama ampia kumi, na betri ndogo ya ukubwa wa NS40, yenye takriban ampia-saa 35, inakosa nguvu za kuwasha ndani ya saa mbili. Mnyonyaji wa siri ni mbaya zaidi. Gari lililozimwa na kufungwa linapaswa kula chini ya ampia 0.05, kiasi cha betri kuvumilia wiki kadhaa. Lakini alamu iliyofungwa mtaani, juu yake kifaa cha kulifuatilia gari, juu yake redio iliyounganishwa moja kwa moja, vikila pamoja ampia 0.3, vinamaliza nusu ya betri hiyo kwa saa 60. Saa 60 ni kutoka Ijumaa saa moja jioni mpaka Jumatatu saa moja asubuhi. Kwa hiyo magari mengi yanayosemekana kurogwa yana kalenda, na dawa yake ni kufunga mita kati ya kichwa hasi na waya wake, kusubiri gari lilale, kisha kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Baada ya ufufuo gari halirudi na akili zake zote. Dirisha lililokuwa linapanda lenyewe kwa mguso mmoja sasa linataka kushikiliwa. Saa inasoma saa saba usiku. Redio ya Kijapani inaonyesha maandishi ya kwao na kudai diski au kadi ya ramani iliyobaki Japani, na haitaimba mpaka iipate au mpaka apatikane kijana wa kuifungua. Halafu sauti ya dada asiyejulikana inatangaza kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Hiyo ilikuwa inasema hivyo siku zote.

Sura ya mwisho ya taaluma hii ni ya mirathi, nayo ina kesi nyingi. Betri iliyokufa ina risasi ndani, risasi ina soko, na wenye mizani ya chuma chakavu wanaipima kwa kilo. Muuza betri anaijua bei hiyo, fundi anaijua, mwenye gari peke yake ndiye anayeiona takataka.

"Mama, hii ya zamani niachie tu, nisikusumbue kuibeba."

"Utaifanyia nini, baba?"

"Aa, ya kuzuilia tairi tu hapa gereji."

"Basi nipunguzie elfu kumi na tano kwenye mpya, uendelee kuzuilia tairi."

Fundi akaitazama betri, akamtazama mama, akasema amwite bosi wake.